Mlinzi Aliyebaki Mlangoni

Mwanaume niliyekuja kumpenda aliingia ofisini kwetu na mtaimbo begani, akasalimia, kisha akaniomba nimwonyeshe mahali ambapo angeweza kupiga kwa nguvu bila kuvunja kitu cha mtu. Nilimwonyesha mlango wa kutokea. Alidhani namaanisha aupige mlango, akaupiga.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, nayo kazi yetu ilikuwa kutengeneza gemu za kutisha. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Kila bawaba iliyolia ndani ya gemu zetu, kila pumzi, kila tone la maji lililodondoka mahali pasipoonekana, nililitengeneza mimi kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo, ambacho nilikipigilia magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Wenzangu waliniita Kimya. Niliweza kukaa humo asubuhi nzima bila kutamka neno, na pia nilikuwa na ujanja wangu wa kazi: nikitaka mchezaji aruke kwenye kiti, naziondoa sauti zote ghafla, halafu namwacha angoje.

Gemu iliyotutoa, hata watu wakatujua, ilikuwa ile ya hoteli. Msichana anayetandika vyumba anajikuta amefungiwa ndani ya hoteli ambayo wageni wake wameacha kuwa watu. Hana silaha. Ana tochi na kitita cha funguo, na kazi yake ni kujificha makabatini, kubana pumzi na kutafuta njia ya kutoka. Mwishoni kabisa mlinzi wa hoteli, mtu ambaye mchezaji amemwona mara chache tu, anamsukuma nje kupitia mlango wa jikoni, anaufunga kwa ndani na kuuegemea. Gemu inaishia hapo. Kilichompata mlinzi hatukukionyesha.

Wachezaji walitusumbua hadi tukakoma. Kila kukicha walituandikia wakiuliza jambo lile lile: mlinzi je? Ndipo Bosi, mwanamke mfupi aliyevaa kandambili ofisini hata akitembelewa na wakubwa, akaamua tutengeneze nyongeza, yaani kipande kipya ambacho mtu aliyekwisha nunua gemu anakipakua na kukiunganisha na ile ya mwanzo. Tungesimulia usiku ule ule, upande wa pili wa ule mlango. Na kwa kuwa mlinzi hakuwa mtu wa kujificha kabatini, nyongeza ingekuwa ya mapigano mwanzo mwisho, kwa mtaimbo, shoka la zimamoto na bunduki yenye risasi za kubahatisha.

Sisi tulijua kutisha watu, kupigana hatukujua. Bosi akamleta yule wa mtaimbo, mtaalamu wa mapigano, kwa mkataba wa kazi hiyo tu. Wiki haikuisha kabla ofisi nzima haijamwita Ngumi.

Nilimpinga tangu kikao cha kwanza. Nilisema, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kuyatumia mbele ya wenzangu, kwamba hofu inakaa kwa mtu asiye na kitu mkononi, na kwamba ukimpa shoka tu, hofu inaaga. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni wakati anazungumza, akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayehofia kudondosha neno. Tabia hiyo iliniudhi zaidi ya hoja zake.

Nilimfuata mpaka kwenye meza yake kikao kilipovunjika.

"Gemu yangu umeigeuza mechi ya ndondi," nilimwambia.

Hakukasirika. Aligeuza kiti chake na kunisogezea kingine. Nilikataa kukaa.

"Msichana wa vyumba anaogopa kufa," alisema. "Mlinzi haogopi hilo. Anachoogopa ni mlango kufunguka kabla yule dada hajafika mbali. Ana shoka mkononi, na bado anatetemeka kuliko yeye. Hofu hiyo ina sauti gani, mimi sijui. Bosi aliniambia wewe ndiye unayejua."

Nilirudi chumbani kwangu na kujifungia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu siku zote huniponyoka nikiwa na kazi ya kufanya. Nilichukua rekodi ya nyayo za msichana, zile zile za gemu ya kwanza, nikaziweka nyuma ya vurugu zote za mapigano, nje ya mlango, zikikimbia kwenye changarawe. Zilisikika karibu, kisha mbali kidogo, kisha kwa shida. Mlinzi angepigana huku anazisikiliza. Akizidiwa na kusogezwa mbali na mlango, nyayo zinajikwaa. Akishikilia, zinaendelea kwenda. Na pale ambapo mchezaji hatazisikia tena kabisa, atajua ameshinda.

Jioni nilimwita Ngumi, nikamvisha vipokea sauti masikioni, nikacheza kipande kile. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba alilazimika kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yake karibu yaguse yangu. Alifumba macho. Mwanzoni uso wake ulikunjana kwa makelele ya kupigana, halafu taratibu ukalainika, nami nikajua kwa hakika ni sekunde gani alipoanza kuzisikia nyayo. Ziliponyamaza, hakuvua vipokea sauti. Alibaki vile vile, akafumbua macho na kunitazama.

Nilitazama pembeni kwanza. Kisha nikarudisha macho, na yake yalikuwa bado yapo pale pale.

"Basi mimi sina cha kuongeza," alisema.

Baada ya hapo tukawa watu wa kutafutana. Mkono wa mlinzi ukiteguka, tulivunja karoti mbele ya maikrofoni. Wageni wabaya wakijikokota sakafuni, nililowesha ngozi ya begi kuukuu na kuiburuta kwenye vigae. Siku ya kurekodi pumzi za mlinzi nilimtuma Ngumi apande na kushuka ngazi za jengo la jirani mpaka aishiwe nguvu, kisha aje mbio anipumulie kwenye maikrofoni. Alikuja akitweta, shati limemganda mgongoni. Nilivaa vipokea sauti na kumsikiliza. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kumpenda mwenzake atanielewa, lakini kusikia pumzi ya mtu ndani ya masikio yako mawili, huku yeye mwenyewe amekaa mbele yako na hajui unachosikia, ni jambo la kukufanya usahau kubonyeza kitufe. Nilisahau. Ilibidi apande ngazi upya, na sikumwambia sababu.

Nyumbani, wakati huo, mama alikuwa na mipango yake.

Mama yangu ni muuguzi, na kazi yangu hakuipenda hata kidogo. Aliwaambia wenzake wodini kwamba binti yake analipwa mshahara ili kuwakosesha watoto wa watu usingizi. Wanaume wa ofisini kwetu hawakuwa wanaume kwake. Walikuwa vijana waliokataa kukua. Kwa hiyo alinitafutia mtu mzima, daktari wa meno, mpwa wa muuguzi mkuu wa hospitali yao. Nilikuwa nimeonana naye mara moja. Alikuwa mtaratibu, msafi, mwenye maneno ya kupimwa, na sikuwa na kasoro ya kumtolea. Mama aliposema daktari na shangazi yake watakuja kututembelea Jumamosi, na kwamba nijue si matembezi ya kawaida, nilijibu sawa. Nilimjibu hivyo kwa kuwa nyumbani pia nilikuwa Kimya. Mtu akizoea kunyamaza, watu huchukua kimya chake kuwa ndiyo.

Ngumi sikumweleza lolote. Nilijipa moyo kwamba hakuna cha kumweleza, kwa kuwa hakuwahi kunitamkia kitu.

Jumamosi asubuhi mama alinituma matikiti maji mawili kutoka soko la karibu na ofisi yetu, akisema ya kule ni matamu na wageni wasije wakapewa maji yenye rangi. Niliyanunua, yakiwa makubwa ya kubebwa kama watoto, nikapitia ofisini mara moja tu kuchukua chaja ya simu. Nyongeza ilitakiwa kutoka Jumatatu. Nilimkuta Ngumi peke yake, ameshika kichwa.

Alinipa vipokea sauti bila maneno mengi. Katika pambano la mwisho, kila shoka lilipotua, nyuma yake kulikuwa na mlio mwembamba wa feni. Kiyoyozi cha ofisi kilikuwa kimewashwa siku tuliyorekodi, na mimi, katika furaha zangu za siku hizo, sikuusikia. Mapigo yote ya shoka yalipaswa kurudiwa.

Tulikuwa tumeyatengeneza kwa matikiti.

Aliyatazama ya kwangu yaliyokuwa mezani. Mimi pia nikayatazama.

"Ya nani?" aliuliza.

"Ya mama."

"Mama ni mkali?"

"Muuguzi wa zamu."

Alifikiri kidogo, akasema basi tuyaache, atakimbia sokoni. Lakini nilishachukua kisu. Nilimwambia tutanunua mengine nikiwa narudi nyumbani, maana kama nisingeanza muda ule ningeogopa.

Sikumbuki siku niliyocheka kama ile. Tulitandaza plastiki stoo nzima, tukafunga mlango, nikaweka maikrofoni, naye akalipiga tikiti la kwanza kwa shoka la kuni. Lilipasuka na kumrukia usoni. Alijikaza asicheke kwa sababu maikrofoni ilikuwa inarekodi, mimi nami nikajikaza, na kule kujikaza ndiko kulikotumaliza. Mpaka leo, ukiisikiliza nyongeza yetu kwa makini, wakati mgeni wa ghorofa ya tatu anapoanguka utasikia kitu kama kikohozi. Wachezaji wanasema ni mzimu wa mpishi. Ni mimi, nimejiziba mdomo kwa kiwiko.

Tulipomaliza tulikuwa wekundu kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuwa na mbegu kwenye nyusi. Nilinyoosha mkono kuitoa, na mkono ukachelewa kurudi. Aliushika, akauweka shavuni pake, na ukabaki pale. Nilikuwa nasikia moyo wangu, nami nina masikio mazuri, nilisikia na wake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bosi na kandambili zake. Alitazama plastiki, akatazama shoka, akatutazama sisi, akaonekana kuamua kwamba hakuna swali la maana la kuuliza. Alimwambia Ngumi kwamba watu wa ile kampuni kubwa wamepiga tena, wanataka kujua kama Jumatatu jioni anasafiri au hasafiri, ili wamwandalie mahali pa kulala. Kisha akaondoka na kutufungia mlango taratibu.

"Kampuni gani?" niliuliza.

Alinieleza. Ilikuwa katika nchi nyingine. Walimtaka tangu mwezi uliopita, mkataba wa miaka miwili, na alikuwa hajawapa jibu kamili.

"Hukuniambia."

"Sikukuambia," alikubali. "Nilikuwa naogopa utanitakia safari njema." Alichukua kitambaa na kuanza kujifuta. "Na haya matikiti, Kimya, mama yako anamkaribishia nani?"

Nilimweleza na mimi. Nilimweleza yote, daktari na shangazi na matembezi yasiyo ya kawaida. Alisikiliza vile vile alivyozoea, ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho alisema tu kwamba muda unakwenda, atanunua matikiti mengine na kunisaidia kuyabeba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyapasua.

Tulitembea hadi nyumbani tukiwa na tikiti kila mmoja. Hatukuwa na nguo za kubadilisha. Nilikuwa nimepanga kupita mlango wa nyuma, nioge kabla mama hajaniona. Lakini gari la wageni lilikuwa tayari limeegeshwa, na mama alikuwa barazani ananichungulia.

Alitupa macho kwangu mara moja tu. Sijawahi kumwona mama akikimbia vile. Alinishika mabega, akanigeuza, akaniinua mikono, akapapasa kichwa changu kutafuta jeraha. Aliniuliza nimeumia wapi, nikamjibu sijaumia, hakusikia. Aliponiachia alimvamia Ngumi, akamfunua kola na kumshika mapigo ya shingo. Kisha alisimama. Alinusa kidole chake.

"Hili ni tikiti," alisema.

"Shikamoo mama," Ngumi alisema, shingo yake bado ikiwa mkononi mwa mama.

Ilibidi aitikie. Na kwa kuwa mgeni alikuwa amebeba mzigo wa nyumba, na wageni wengine walishatoka barazani kuona kuna nini, ilibidi pia amkaribishe.

Sebuleni alikuwepo baba, mpiga gitaa wa zamani wa bendi, ambaye siku hizi hutengeneza redio mbovu za majirani. Alikuwepo muuguzi mkuu, mama wa heshima zake, na mpwa wake daktari, ameketi wima na suti ya kijivu. Mama alitandika kanga kwenye kiti kabla Ngumi hajakaa, asije akachafua kitambaa. Muuguzi mkuu, kwa ile sauti ya kuchangamsha mazungumzo, alimuuliza kijana anafanya kazi gani. Ngumi alijibu bila kuzungukazunguka kwamba anatengeneza mapigano ya kwenye gemu, na kwa sasa wanamalizia nyongeza ya gemu fulani ya hoteli.

Daktari aliweka kikombe chini.

"Subiri," alisema. "Hoteli ya yule msichana wa vyumba? Ni ninyi?"

Shangazi yake aligeuka na kumtazama kana kwamba amezungumza lugha ngeni. Ikabainika kwamba mtu mzima wetu, mtaratibu na msafi, alikuwa ameimaliza gemu yetu mara tatu, huwa anaicheza kliniki mgonjwa akichelewa, na kwamba msaidizi wake aliwahi kumkuta amejificha chini ya kile kiti cha wagonjwa. Alisogeza kiti chake mpaka karibu na Ngumi. Alitaka kujua habari za mlinzi. Ngumi alimwambia haruhusiwi kusema. Daktari akambembeleza kwa adabu zote, kama anayembembeleza mgonjwa afumbue kinywa.

"Basi niambie kitu kimoja," alisema. "Wale wageni wa hoteli hawaishi kuja. Sasa mlinzi anajuaje kwamba ameshinda?"

Ngumi alikubali hicho kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimekumbatia tikiti.

"Anasikiliza nyayo za yule dada huko nje," alisema. "Anapigana ili ziendelee kwenda mbali naye. Akiacha kuzisikia, ndio ushindi wake. Amempoteza, lakini dada amefika."

"Nani aliyefikiria hivyo?"

"Yeye," Ngumi alisema, akanitazama.

Alinitazama tu. Lakini sebule nzima iliona. Baba aliacha kuzungusha bisibisi yake. Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaegemea kiti chake polepole na kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona jino lililooza kwenye picha na sasa anajua maumivu yanatoka wapi.

Mama aliniita jikoni nimsaidie kukata tikiti.

Alifunga mlango. Alikata vipande viwili vitatu kabla hajazungumza, na nilidhani atafoka. Hakufoka.

"Ana kazi ya kudumu?"

"Ya mkataba, mama. Unaisha Jumatatu. Kuna watu wanamtaka nje ya nchi."

Aliweka kisu chini. Alisema yeye ameolewa na kazi ya mkataba maisha yake yote. Leo bendi ina mahali pa kupiga, kesho hoteli imefungwa, keshokutwa baba yako yuko safarini na hujui anarudi lini. Alisema amezoea, wala hajuti, ila aliapa kwamba mimi sitalazimika kuzoea. Ndiyo maana alinitafutia mtu wa meno. Watu wataumwa meno siku zote.

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hapo ndipo baba alipoingia kutafuta sahani. Alichukua sahani, akafika mlangoni, akasita.

"Lakini ulikuwa unanisubiri dirishani," alimwambia mama bila kugeuka. "Nilikuwa nakuona kutoka barabarani. Ungenisubiri ningekuwa daktari wa meno?"

Akatoka. Mama aliutazama ule mlango kitambo. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa yamebadilika, na aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mgonjwa panapouma, kama ninampenda yule kijana.

"Nampenda, mama. Nampenda mpaka nasahau kazi."

"Yeye anajua?"

"Sijamwambia."

"Sasa unaniambia mimi ili nifanye nini?"

Nilitoka jikoni nikiwa na sinia la tikiti, kwa sababu sikujua pa kuliweka. Sebuleni nilikwenda kusimama mbele ya Ngumi. Nimetumia miaka yangu kuwafanya watu waogope, na kumbe sikuwahi kuogopa kisawasawa hadi dakika ile.

"Jumatatu usiende," nilimwambia.

Alisimama. Kanga ilimganda kwa nyuma, akaitoa na kuikunja vizuri kwanza, akaiweka kwenye kiti.

"Kwa ajili ya kazi?" aliuliza.

"Kazi utapata popote. Kwa ajili yangu."

"Bosi ameniomba nibaki, kazi ya kudumu," alisema. "Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Sikuwa nafikiria mshahara. Nilikuwa nakufikiria wewe. Ningekaa vipi meza ya pili kutoka kwako kila siku, wakati wewe ni mke wa mtu?" Alimgeukia daktari, akamwomba radhi.

Daktari aliinua mkono kumwonyesha kwamba hakuna haja. Alimwambia shangazi yake kwamba, kwa maoni yake ya kitaalamu, hapa hawana mgonjwa, na kwamba ni vizuri walile tikiti kabla halijapata joto. Muuguzi mkuu alivuta pumzi ndefu. Kisha, nadhani ilikuwa ile suti ya kijivu chini ya kiti cha wagonjwa iliyomjia akilini, mabega yake yakaanza kutikisika, na alipoanza kucheka hakuna aliyeweza kumzuia. Baba alimfuata. Nilicheka na mimi, na sinia likaanza kuyumba, Ngumi akalidaka kwa upande wa pili, tukabaki tumelishika wote wawili.

Mama ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akipangusa mikono.

"Wewe kijana," alisema. "Simu yako ina salio?"

Alijibu kwamba inalo.

"Wapigie hao watu wa nje, hapa hapa nikisikia."

Alipiga. Aliwashukuru, akawaambia haji, akawaeleza kwa upole kwamba sababu ni ya nyumbani. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kiganja.

"Sasa nipigie mama yako."

Huyo, nilikuja kujua, Ngumi alimwogopa kuliko kampuni yoyote. Alitafuta namba, akaipiga, akampa mama simu, na mama akatoka nayo barazani na kuvuta mlango. Tuliwasikia wakiamkiana, wakiulizana hali za nyumbani, kazi na afya. Halafu sauti ikashuka na hatukusikia kitu. Ngumi alinitazama kwa wasiwasi wa kweli. Kwa kuwa watu walikuwa wengi nilimshika kidole kimoja tu, chini ya sinia.

Mama alirudi baada ya muda mrefu. Alimrudishia simu yake, akamkagua kutoka miguuni hadi kichwani, nguo zilizokauka na kukakamaa, nywele zenye mbegu.

"Mama yako anasema ukikaribia kumaliza kazi huwa huli," alimwambia. "Eti unaweza kushinda na maji tu."

Ngumi alikiri kwamba ni kweli, hata asubuhi hiyo hakuwa amekula.

Mama alikwenda jikoni. Tulisikia sufuria ikifunuliwa, tukasikia kijiko. Alirudi na sahani iliyojaa mpaka ukingoni, akaiweka mezani mbele ya kiti kilichokuwa wazi karibu na baba, akavuta kiti hicho nje.

"Kaa ule, mwanangu," alisema.